Kivuli cha Nani Hicho?

Mpenzi msomaji, kama umewahi kupanda basi la Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha kwa njia ya Chalinze, basi Kabuku umepita, hata kama ulikuwa umesinzia. Unavuka Mto Wami, unapita Mbwewe, unapita Mkata, halafu unatukuta sisi. Dereva anapunguza mwendo, vijana wanakimbilia madirishani na machungwa yao ya maganda ya kijani, unanunua ya elfu moja au hununui, safari inaendelea Segera. Ukiulizwa baadaye Kabuku kuna nini, utasema mkonge na machungwa. Sikulaumu.

Mimi naishi hapa. Nafundisha shule ya msingi, nina watoto wawili na mume ambaye ni dereva wa semi. Anabeba mizigo kutoka bandarini Dar kwenda Zambia, na mara nyingine anavuka mpaka Kongo. Kwa mwezi, nikiwa na bahati, namwona siku sita au saba. Wanawake wenzangu mlioolewa na madereva mnajua maisha haya yalivyo. Simu inakuwa ndiyo mume wenyewe. Unaichaji, unaiweka karibu na mto, ikilia usiku moyo unakwenda mbio.

Habari ya picha aliianzisha yeye mwenyewe, jamani. Alikuwa Makambako, baridi kali, akaniandikia: "Nitumie picha ya nyumbani." Nikajipiga mimi na watoto, nikatuma. Akajibu: "Nyie nawajua. Nitumie ya nje." Nikatoka mlangoni nikapiga ule mwembe wetu na barabara nyuma yake. Alifurahi utadhani nimemtumia pesa. Tangu siku hiyo ikawa desturi, kila jioni picha moja ya Kabuku. Mwanzo nilipiga vya karibu tu, kama mama ntilie na sufuria zake, mafundi baiskeli, au lori la mkonge likivuka lami. Kisha nikaanza kutembea. Jumamosi nikimaliza kufua nakodi bodaboda, naingia mashambani.

Kitu cha kwanza utakachogundua ukishika kamera, hata hii ya simu, ni kwamba mahali ulipokulia hupajui. Mkonge nimeuona tangu nazaliwa, lakini sikuwahi kuuangalia. Simama katikati ya shamba saa kumi na moja na nusu jioni uangalie ile mistari, imenyooka mpaka macho yanachoka, na kila jani ncha yake imeshika jua. Ule uliozeeka unatoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, na huko juu vinaota vichipukizi vidogo. Mkonge unachanua mara moja tu katika maisha yake, kati ya miaka 7 na 12 hivi, halafu unakufa. Kwa hiyo ukikuta shamba limejaa milingoti, piga picha leo, maana trekta linaweza kupita wakati wowote.

Na huu mkonge wenyewe si wa kwetu asilia. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikasafiri kwa meli kupitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 mashamba yakaenea Tanga na Morogoro, mpaka mwaka 1964 nchi ikazalisha zaidi ya tani 230,000. Baadaye mambo yakaharibika. Kamba za nailoni zilishika soko, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori. Ndiyo maana huku kwetu ukitembea unakutana na vitu vilivyobaki peke yake: msingi wa nyumba, bomba la moshi, tangi la maji lenye kutu. Mtu wa mjini ataona magofu. Mimi naona picha.

Picha ninazozipenda kuliko zote ni za korona. Kwa wasiojua, korona ni ile mashine ya kusaga majani ya mkonge ili nyuzi zitoke, na jina hilo lilikuwepo huku miaka mingi kabla ya ugonjwa wa 2020 (wakati ule tulitaniana sana). Majani yanaingia upande mmoja yakiwa ya kijani, upande wa pili zinatoka nyuzi nyeupe zinazochuruzika maji. Katika uzito wote wa jani, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na makapi. Harufu yake haielezeki, na ule utomvu ukikugusa utajikuna mpaka usiku. Nyuzi zinapelekwa kuanikwa kwenye waya, halafu zinaingia brashi, zinafungwa marobota. Siku ya jua kali, uwanja wa kuanikia unang'aa mpaka inabidi upunguze mwanga kwenye simu. Kuingia huko huendi kichwakichwa. Niliomba ruhusa kwa msimamizi, nikaenda mara mbili bila kamera, mara ya tatu wafanyakazi wenyewe wakaniita: "Mwalimu, leo hupigi?"

Sasa ndugu msomaji, tuje kwenye kile kivuli.

Jioni moja nilipiga njia ya shambani, jua likiwa nyuma yangu. Kwenye ile njia vimelala vivuli viwili virefu, changu na cha mtu mwingine. Niliona imependeza, nikatuma. Baba Watoto alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani, siku ya tatu lori halijasogea. Mwanaume akiwa kwenye foleni ya Tunduma ana muda wa kuwaza kila kitu. Nusu saa baadaye likaja swali: "Kivuli cha nani hicho?"

Nikajibu ni cha bodaboda aliyenileta.

"Bodaboda gani anakaa mpaka jua linazama?"

Nikamwambia nimemkodi kwenda na kurudi, sasa anisubiri wapi kama si hapo? Hakujibu. Siku mbili hakujibu. Picha nilizotuma zilisomwa, kimya. Siku ya tatu akapiga, sauti kavu, akasema hizo picha niache. Nami nikamwambia siachi. Nilimwambia hivi: "Mimi nikiona picha yako ya hotelini, na mhudumu nyuma yako kashika sahani, sikuulizi jina lake." Akakata simu. Jumamosi asubuhi nafungua mlango, mama mkwe huyo hapo na kikapu chake.

Mama hakuzunguka. Tulikunywa chai, akauliza: "Mwanangu, picha za mikonge zinakulisha?" Nikamwambia, "Hapana Mama, hazinilishi. Zinamliwaza mwanao." Akanyamaza. Kisha akasema anataka kuona huko ninakokwenda. Nikampigia bodaboda yuleyule, na mwingine wa kumbeba yeye, tukaenda.

Yaliyotokea kule sikuyatarajia. Tulipofika kwenye ile njia, Mama alishuka, akasimama, akaanza kuonyesha kwa kidole. Pale palikuwa na kambi. Pale ndipo lilipokuwa duka. Pale kwenye ule mti ndipo walipokuwa wakisubiri mshahara. Mimi nilijua kwamba ujanani alifanya kazi mkonge, lakini hakuwahi kunieleza kwamba alikuwa brashi, vumbi mpaka kwenye kope, khanga imefungwa puani. Akanishika mkono: "Piga hapa. Na hapa. Hapo pia piga, palikuwa na kisima." Tulirudi gizani. Usiku akampigia mwanawe mbele yangu: "Kile kivuli nimekiona kwa macho yangu. Kina mke na watoto watatu, na kinadai nauli ya kwenda na kurudi. Wewe endesha gari."

Baba Watoto aliporudi tulikaa tukazungumza, maana maneno ya simuni hayamalizi jambo. Hakuomba msamaha, wala mimi sikuomba. Ila alisema kitu ambacho bado nakifikiria: "Kabuku yote umeipiga. Mimi simo hata kwenye moja." Ni kweli. Picha zilikuwa karibu 200, na mwenye nyumba hayumo, kwa sababu hakuwepo. Sasa hapo bodaboda kaingiaje? Wanaume wengi, kwa maoni yangu, wakikosa neno la upweke wanachukua la wivu, lipo karibu zaidi.

Tangu hapo na yeye anapiga. Ananitumia Mto Ruaha asubuhi, mibuyu ya kule chini kabla ya kupanda Kitonga, foleni ya Tunduma usiku na taa zake nyekundu. Nyingi zimetikisika. Nazihifadhi zote.

Usidhani kupiga picha za mtaani kwako ni ulimbukeni wa zama za simu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, na licha ya kumpiga Sultani alipiga pia mitaa na watu wa kawaida. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, fundi wa kukata picha na kuziunganisha mpaka mtu akaonekana mahali ambapo hakuwahi kukaa. Ninayempenda mimi ni Musa Katuramu wa Mbarara, Uganda, kwa sababu alikuwa mwalimu kama mimi. Alipiga majirani na ndugu zake kuanzia miaka ya 1930. Negativu zake zikatunzwa na mtoto wake, na leo watu wanazitazama wajue Ankole ya wakati ule ilivaaje. Yeye alikuwa na mkanda wa kuhesabu. Sisi tuna simu inayoingiza maelfu, halafu ikianguka kwenye ndoo ya maji kila kitu kimekwisha. Ndiyo maana nakushauri usafishe picha chache kila mwezi, uziandike nyuma kwa kalamu ni nani, wapi, lini. Mimi naenda Korogwe nikiwa na shida nyingine, naunganisha humohumo.

Mwanga mzuri ni wa asubuhi kabla ya saa mbili na jioni baada ya saa kumi na moja. Huku kwetu karibu na ikweta jua likianza kuzama halikusubiri, kwa hiyo fika mapema. Na mtu muulize kabla hujampiga. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, mtu si mwembe.

Tena ukimuuliza utajifunza. Kuna mzee mmoja hapa alikuja mwaka 1958 akiwa manamba, kijana kutoka Kigoma, akaletwa kwa mkataba kama wengine maelfu waliotoka kule, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mkataba ukaisha, yeye hakurudi. Nilitaka kumpiga mbele ya nyumba yake ya udongo, mwanga ulikuwa unaingia vizuri sana kwenye uso. Akakataa katakata. "Watu wa kwetu waone nyumba hii? Miaka yote hii?" Akavaa koti, akaniongoza mpaka barabarani, akasimama ukingoni mwa lami, akasubiri basi kubwa la Arusha lipite nyuma yake. "Sasa piga." Kama picha ni mbaya, basi limekatwa katikati na mzee kafumba jicho moja. Mjukuu wake akaituma Kasulu. Baada ya wiki ukaja ujumbe wa sauti, bibi mmoja anaongea Kiha, analia na kucheka. Mzee aliusikiliza mara nne. Mpaka leo hajaniambia amesema nini, na mimi sijauliza.

Kwa sasa mgogoro uliobaki nyumbani ni wa ukuta. Tumechapisha picha moja kubwa ya kutundika sebuleni. Mimi nilitaka korona, Baba Watoto alitaka vijana wa machungwa, eti ndiyo alama ya kwamba amefika. Tukabishana siku nzima. Mama mkwe akaja, akatutazama, akauliza kwa nini yake haijachapishwa, ile aliyosimama pale palipokuwa na kisima, mkono kiunoni.

Ndiyo iliyopo ukutani.