Je, Wajua? Nairobi ya Mwaka Gani Ungeichagua?

Je, wajua kwamba mwaka 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika, Nairobi ilikumbwa na tauni hata soko la Wahindi likateketezwa kwa amri ya serikali? Kijana wa Nyamache, kule Gusii, akipewa nafasi ya kuchagua enzi ya kuishi jijini, huko asiende.

Miaka ya 1920 na 1930 imetuachia picha za kuvutia, magari ya kale na barabara tulivu. Lakini mwanamume Mwafrika, akishatimiza miaka 16, alilazimika kutembea na kipande, cheti chenye alama za vidole vyake, ambacho wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Waafrika walitengewa makao yao, Pumwani na mitaa jirani, na vyumba vingi walivyojengewa wafanyakazi vilimlenga mwanamume aishiye peke yake. Mke alibaki Gusii akilima wimbi. Utulivu ule ulikuwa wa wengine, na huniuma kusikia ukisifiwa.

Mimi ningechagua 1973. Jumba la mikutano la KICC, lenye ghorofa 28, lilikamilika mwaka huo, na Rais Jomo Kenyatta akaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Mgusii aliyekwenda kutafuta kazi aliweza kupanga chumba na kuileta familia yake bila kudaiwa kipande. Na nafasi ilikuwepo: sensa ya 1969 ilihesabu wakazi 509,286, ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073.