GANZI YA MKONO: WAJIBU WA WALIO NYUMBANI

Si kila apasuliwaye hulazwa kwa nusukaputi. Askari aliyevunjika mfupa wa kiganja, au mama aliyekatwa kano za vidole kwa kisu, aweza kupasuliwa hali yu macho. Tabibu humdunga sindano juu ya mtulinga au kwapani, ilipo mishipa ya fahamu itokayo shingoni, na mkono hufa ganzi. Sindano ya juu ya mtulinga aliieneza Mjerumani Kulenkampff mwaka 1911, baada ya kuijaribu mwilini mwake mwenyewe.

Dawa ya ganzi ina adui mmoja, nayo ni damu, ambayo huizoa upesi kutoka mahali pake. Mwaka 1903 Heinrich Braun, Mjerumani pia, alionyesha kwamba adrenalini kidogo ikichanganywa nayo hubana mishipa ya damu, na ganzi hukawia kuondoka. Hata leo lidokaini huchanganywa na adrenalini, mara nyingi gramu 1 tu katika mililita 200,000. Matabibu wengine huongeza deksamethasoni, ambayo hurefusha ganzi kwa saa kadhaa, lakini yaweza kupandisha sukari mwilini. Wengine huongeza klonidini, ambayo yaweza kushusha shinikizo la damu na kuleta usingizi. Kwa hiyo mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu na aseme mapema, kabla ya kudungwa.

Faida yake ni kubwa: mgonjwa aweza kupitisha usiku wa kwanza bila maumivu makali. Lakini mkono usiohisi maumivu hauna mlinzi. Mlinzi wake ni ninyi mlio nyumbani. Uwekeni katika kitambaa kilichofungwa shingoni. Uepusheni na jiko, chai ya moto na pasi. Mgonjwa asiendeshe gari wala asishike silaha. Vidonge vya maumivu alivyopewa aanze kuvimeza kabla ganzi haijaisha, kama alivyoagizwa, kwa maana maumivu huweza kurudi ghafla usiku.

Kabla ya kuondoka hospitali, ulizeni: “Ganzi hii itadumu saa ngapi?” Muda huo ukipita na mkono haujaamka, au vidole vikiwa baridi na kubadilika rangi, au pumzi ikimwia nzito, mrudisheni upesi. Tahadhari kabla ya athari.