Nyenje Hataki Bakuli la Maji

Ndugu msikilizaji, taa zikizimwa usiku humsikia mdudu akilia pembeni mwa ukuta? Huyo ni nyenje, na wapo wamwitao chenene. Wengi wetu humsaka kwa kandambili. Leo nasema tumfuge.

Jambo hili si geni. Huko China watu wamefuga nyenje katika vizimba vidogo kwa karne nyingi, kwa raha ya kusikia sauti yao tu. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, kule Bondo, kimewafanyia utafiti kama chakula cha binadamu.

Anayeanza nyumbani anahitaji beseni refu la plastiki, ambalo nyenje hawezi kulipanda kwa utelezi wake. Ndani panga trei za mayai. Juu funika kwa wavu wa waya, wala usitumie chandarua cha mbu kilichotiwa dawa, kwani kitawaua.

Mimi nilipoanza niliwawekea bakuli la maji, kama afanyavyo mfuga kuku. Asubuhi nikawakuta wadogo wote wameelea, wamekufa. Kumbe nyenje hunyonya unyevu tu. Pamba iliyoloweshwa yatosha. Mara ya pili niliwapa sukuma wiki ya sokoni bila kuiosha, wakafa tena. Dawa ya kuua wadudu shambani haichagui mdudu wa beseni. Osha majani vizuri, uongeze chakula kidogo cha vifaranga.

Usiwasonge pia. Nyenje hukua kwa kujivua gamba mara kadhaa, na kila anapojivua huwa mweupe, laini, asiyeweza kujitetea. Wenzake wenye njaa au kiu humla. Ndiyo maana ya zile trei: apate pa kujificha.

Anayelia ni dume, kwa kusugua mabawa yake. Jike humtambua kwa mkia kama sindano, autumiao kutaga mayai udongoni. Mwekee kopo la udongo wenye unyevu. Penye joto la nyuzi 30 hivi, mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 14, na watoto hukomaa kwa majuma 6 hadi 8. Nairobi mwezi wa Julai, subira iongezwe.

Basi, msikilizaji, nyenje wangu hawakufa kwa kutelekezwa. Waliuawa na ukarimu usio na kipimo. Tukutane juma lijalo.