Magofu ya Fountains na Historia ya Ardhi Yake

Neno 'monasteri' linapotajwa darasani, aghalabu wanafunzi hufikiria nyumba ya sala tu. Katika makala haya mafupi tunaeleza historia ya monasteri ya Fountains, kaskazini mwa Uingereza, kwa kuangalia zaidi ardhi iliyomilikiwa na watawa wake.

Mwaka 1132, watawa 13 waliondoka katika abasia ya Mtakatifu Maria mjini York. Walitaka kufuata kwa ukamilifu Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo hata leo hufuatwa na abasia za Peramiho na Ndanda nchini Tanzania. Askofu Mkuu Thurstan aliwapa eneo la pori kando ya mto Skell. Mwaka 1135 wakapokelewa katika shirika la Sistersiani.

Shirika hilo lilikataza watawa kuishi kwa kodi za wapangaji. Ilibidi walime wenyewe. Hata hivyo, matajiri waliwapa ardhi ili waombewe, na nyingine wakainunua. Mashamba ya mbali yaliendeshwa na mabruda, na baadhi ya wanavijiji walihamishwa kupisha kilimo na malisho. Sufu ya kondoo wao iliuzwa kwa wafanyabiashara wa Flanders na Italia. Hivyo, waliokimbia mali wakawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa eneo hilo.

Katika karne ya 14, mashambulizi kutoka Skoti, maradhi ya kondoo na tauni ya 1348-1349 viliwadhoofisha. Mabruda walipungua, mashamba yakakodishwa, na kanuni ya awali ikaachwa.

Mwaka 1539, wakati wa Mfalme Henry VIII, monasteri ilifungwa. Mwaka uliofuata ardhi yake iliuzwa kwa Richard Gresham, mfanyabiashara wa London. Risasi iliyoezekea mapaa iling'olewa, na baadhi ya mawe yakajengea jumba la Fountains Hall lililo jirani. Tangu 1983 magofu hayo yanatunzwa na National Trust, na mwaka 1986 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kwa kumalizia, tunawashauri walimu wanaofundisha ufahamu kupitia habari za magofu, yawe ya Fountains au ya Kilwa, wasiishie kwenye msamiati wa kuta na matao. Wanafunzi waulizwe pia: nani alilima ardhi ile, nani aliondolewa, na hatimaye nani aliinunua?