MADEIRA: MVINYO MZEE HAUPIGWI TARUMBETA!

Wiki hii mapenzi tuyaweke kando kidogo, tukae mezani. Ukibahatika kuletewa chupa iliyoandikwa Madeira, tafadhali usiikimbilie na barafu na soda. Ngoja kwanza tuelezane.

Madeira ni kisiwa cha Wareno, kipo katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Moroko. Mvinyo wake hutiwa pombe kali ya zabibu, ndiyo maana nguvu yake hufika asilimia 19 hivi. Pombe hiyo inaua chachu, na sukari ambayo haijaliwa inabaki humo humo. Ikitiwa mapema, mvinyo unakuwa mtamu. Ikicheleweshwa, unakuwa mkavu. Leo tunaongelea ule wa katikati: Verdelho, ambao ni mkavu kiasi, na Boal, mtamu kiasi. Hayo ni majina ya zabibu zake.

Sasa sikia maajabu. Mvinyo mwingine ukiuacha kwenye joto, umekwisha. Huu ndiyo kwanza unanoga! Zamani meli ziliubeba kupitia nchi za joto, na mapipa yaliyorudi yakaonekana yana ladha nzuri zaidi. Basi watu wakawa wanayasafirisha makusudi, kwenda na kurudi. Siku hizi ule wa bei nafuu hupashwa moto kwenye matangi, nyuzi 45 hadi 50, kwa miezi 3 au zaidi. Ule wa heshima hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, darini kwenye joto, miaka na miaka. Polepole unageuka kahawia, unanukia karanga za kukaanga, sukari iliyoungua na ganda la chungwa. Namba 5, 10 au 15 kwenye chupa inakuonyesha kiwango cha ukongwe wake.

Kuumimina je? Weka chupa kwenye friji kama nusu saa tu. Ukiwa baridi sana harufu yote inajificha. Tafuta glasi ya mvinyo ya kawaida, mimina kidogo, mililita 75 hivi. Chupa moja itatosha watu 10. Nusa kwanza, kisha onja taratibu. Utakutana na utamu, halafu uchachu kama wa ndimu unaokuja kusafisha ulimi. Verdelho unakwenda na supu ya uyoga. Boal upe jibini, tende au korosho.

Jamani, hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Glasi ikijazwa hadi mililita 250, pombe iliyomo inakaribia ile ya bia mbili za nusu lita zenye asilimia 5. Utamu unaificha, mtu anaongeza ya pili, kumbe keshafika bia nne na funguo za gari ziko mfukoni! Kaka, kama unaendesha, mwachie mwenzio anywe. Dada, usikubali kujaziwa glasi eti kwa sababu ni tamu.

Tena haraka ya nini? Ukishafunguliwa, mvinyo huu hauharibiki kesho yake kama mingine. Rudisha kizibo, simamisha chupa wima, weka mbali na jua. Miezi kadhaa baadaye bado utaukuta mtamu. Kitu kilichosubiri miaka 10 darini hakishindwi kukusubiri hadi Jumamosi ijayo.