Ubao wa rulema: tuukague kabla mtoto hajaenda maji

Asubuhi kabla ya kengele ya shule tunawasikia watoto kabla ya kuwaona. Chuma kinasaga kokoto, kisha mtoto anatokea kwenye kona, mguu mmoja juu ya ubao, mwingine unasukuma, bido mbili za maji zimefungwa mbele. Hapa Mangobo karibu kila lupango lina ubao wa namna hiyo: mbili nyuma, moja mbele, rulema tatu zilizotupwa na mafundi wa pikipiki.

Mwezi uliopita mwanafunzi wetu wa mwaka wa tano alianguka nao kwenye mteremko. Rulema ya mbele ilikwama ghafla, ubao ukasimama, yeye hakusimama. Alivunjika mkono wa kuandikia. Mama yake alituletea ile rulema: ndani mlikuwa na mawese yaliyoganda pamoja na mchanga. “Nilikuwa ninaipaka mimi mwenyewe,” akasema. “Nilidhani ninamsaidia.”

Wengi wetu tungefanya vilevile. Mawese yako jikoni, na siku ya kwanza rulema inazunguka vizuri kweli. Lakini yakikaa yanakuwa mazito na kunata, vumbi linashikamana nayo, na gololi za ndani zinaanza kukwaruzwa badala ya kuviringika.

Basi tulikwenda kwa mafundi kuuliza. Kwanza, namba. Imechorwa ubavuni mwa rulema. 6301 ina tundu la milimita 12, 6202 tundu la milimita 15. Mbao za dukani, kama zile ambazo vijana wa Kitintale, Kampala, wanachezea kwenye uwanja wao wa saruji tangu 2006, zina rulema ndogo za 608, tundu la milimita 8. Hizo hazifai kubeba bido zetu. Za nyuma ziwe na namba moja, la sivyo ubao unavuta upande. Ukiona herufi RS baada ya namba, kifuniko chake ni cha mpira, na kwa mvua na matope ya Kisangani hiyo ndiyo tunayoitaka. ZZ ni kifuniko cha bati, maji yanapenya kwa urahisi zaidi.

Kabla ya kulipa, ingiza kidole tunduni, zungusha polepole karibu na sikio. Ikisikika kama mchanga, rudisha. Itikise: ikicheza-cheza, imekwisha. Ikiwa na rangi ya buluu, iliungua. Iache hata kama ni ya bure.

Wakati wa kuifunga, watoto wanapiga nyundo popote. Mti wa ekseli unaingia kwenye pete ya ndani, basi ipigwe pete ya ndani tu, kupitia kipande cha bomba. Ukipiga pete ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha vishimo, na rulema mpya inaharibika siku hiyohiyo.

Kusafisha ni kazi ya mtu mzima. Yenye mpira ifutwe nje kwa kitambaa, isilowekwe. Iliyo wazi ioshwe kwa petroli ya taa kidogo, nje, mchana, mbali na mbabula. Esansi kamwe! Mvuke wake unatambaa chini na kufuata moto hata ukiwa hatua kadhaa mbali, na tumeona watoto wakiosha rulema kwa esansi kwenye kopo la sardini, mama anakaanga ndizi pembeni. Ikikauka kabisa, tia grisi ya fundi, ijae theluthi moja ya nafasi. Kijiko kimoja kinatosha rulema zote tatu. Baada ya mvua ubao ufutwe na kulazwa ndani.

Jambo jingine, ambalo walimu tunalikuta uani: wavulana wanavunja rulema kuukuu kwa jiwe wapate gololi za kuchezea. Chuma hicho ni kigumu, hakipindi, kinapasuka na vipande vinaruka machoni. Na gololi zenyewe wadogo wa miaka miwili wanazitia kinywani. Rulema iliyokufa irudishwe kwa fundi.

Mtoto wetu bado ana gipsi. Ubao wake umepata 6202 mbili za nyuma kwa pesa za likelemba. Ya mbele bado tunaitafuta, yenye mpira. Mama atakayeipata aje nayo Alhamisi kwenye mkutano.