Deni la kodi ya nyumba si kosa la jinai

MPANGAJI anarejea jioni kutoka kibaruani na kukuta mlango wa nyumba yake umetiwa kufuli jingine. Watoto wameketi nje, majirani wanachungulia. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi miwili, na kando yake amesimama afisa wa polisi anayemwamuru mpangaji alipe au ahame usiku huo huo.

Kisa cha aina hii si kigeni katika mitaa ya mijini. Wapangaji wengi hukusanya virago bila kuuliza swali kwa sababu wameona sare, wakidhani afisa huyo amebeba amri ya serikali.

Hata hivyo, sheria za Kenya hazimpi polisi uwezo huo. Deni la kodi ni suala la madai baina ya watu wawili, wala si kosa la jinai. Mpangaji hapaswi kutiwa korokoroni kwa sababu tu ameshindwa kulipa. Kifungo cha madeni huamriwa na mahakama pekee, baada ya kesi kuamuliwa na mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza.

Mwenye nyumba naye hakuachwa bila kinga. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu kumtuma dalali aliyeidhinishwa. Dalali huyo huorodhesha mali na kumpa mpangaji notisi ya siku 14 ili alipe kabla ya mali kunadiwa. Nguo anazohitaji kuvaa na matandiko yake hayaguswi.

Dalali akihofia kwamba atalazimika kuvunja mlango au kwamba patazuka vurugu, kanuni za madalali za 1997 zinamtaka apitie kortini kuomba usaidizi wa polisi. Afisa atakayefika huja kulinda amani. Si kazi yake kubeba vyombo, kukadiria deni wala kuamua nani mkweli.

Kumfurusha mpangaji ni jambo tofauti na kukamata mali yake. Nyumba ambazo kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi zinalindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na jopo maalumu ndilo huamua iwapo mpangaji ataondoka. Chini ya sheria hiyo, kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumlazimisha ahame ni kosa.

Wapangaji wengi wa mijini hulipa zaidi ya kiwango hicho. Hao hutegemea mkataba wao na Sheria ya Ardhi ya 2012. Pasipo makubaliano mengine, anayelipa kila mwezi hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Muda huo ukiisha naye akatae kuhama, mwenye nyumba huenda kortini, wala hatafuti mabavu kituoni.

Upo wakati ambapo ni halali kwa polisi kuingilia kati. Mmoja akimpiga mwenzake, akiiba vyombo au akiharibu nyumba kusudi, hilo ni kosa la jinai, awe mpangaji au mwenye nyumba. Lakini hata polisi wanaotaka kupekua nyumba huhitaji kibali cha mahakama, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda makao ya mtu, na ruhusa ya mwenye nyumba haichukui nafasi ya kibali hicho.

Mpangaji anayekabiliwa na hali hii aombe kwa utulivu kuonyeshwa amri ya mahakama, na asome majina, nambari ya kesi na mhuri. Pasipo amri, anakili jina na nambari ya afisa, apige ripoti kituoni na kudai nambari ya OB. Afisa anayetumia cheo chake vibaya anaweza kushtakiwa kwa IPOA, mamlaka iliyobuniwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza utendakazi wa polisi.

Risiti, mkataba na jumbe za malipo ya M-Pesa zihifadhiwe, kwani ndizo ushahidi. Mwenye nyumba naye akumbuke kwamba anayefunga mlango kwa nguvu anaweza kushtakiwa na kuamriwa kulipa fidia, pengine kubwa kuliko kodi aliyokuwa akidai.